Niache ajira nikajitegemee kama fundi wa nyumba?

Shikamoo mzee wangu,

Ninaandika kutoka Ihumwa, jijini Dodoma. Nina umri wa miaka 33, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni uashi. Nilisomea chuo cha ufundi stadi hadi ngazi ya pili, na kwa miaka sita mfululizo nimefanya kazi kwa mkandarasi mmoja, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa katika majengo ya upande wa Mtumba. Mshahara wangu ni shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya makato, ninachangiwa NSSF, na likizo ninapata. Sina ugomvi na mwajiri wangu. Jambo linaloniumiza ni kwamba mwaka wa sita huu nafanya kazi ileile kwa kiwango kilekile, na foromani aliye juu yangu hana dalili ya kuondoka.

Kuna watumishi watatu wa serikali ambao wameona kazi ya mikono yangu na wanataka niwajengee. Wawili wana viwanja Nzuguni na mmoja yuko Iyumbu. Wa kwanza yuko tayari kuanza: anataka nyumba ya vyumba vitatu, kuanzia msingi hadi kufunga lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), yeye akinunua vifaa vyote na mimi nikilipwa ufundi wa shilingi 4,200,000. Niliketi nikapiga hesabu, nikaona kuwa fedha hiyo ni mshahara wangu wa miezi saba, na kazi yenyewe ni ya wiki sita tu nikiwa na fundi mmoja wa kunisaidia na saidia fundi watatu.

Mke wangu, ambaye ana genge hapa Ihumwa, hataki hata kulisikia jambo hili. Sababu yake ni kazi niliyowahi kuifanya siku za Jumapili miaka miwili iliyopita huko Nkuhungu, ya kujenga ukuta wa uzio. Nilipewa shilingi 800,000 za kuanzia, nikachukua 300,000 katika hizo nikalipia mahitaji ya watoto ya shule, na ilipofika zamu ya kuwalipa vibarua ikabidi nikope fedha ya mtaji wa genge. Kazi ilipokwisha, mwenye nyumba alibakiza shilingi 450,000 ambazo hadi leo hajanilipa. Ni mzee wa kanisa ninakosali, kwa hiyo nimeona haya kumdai. Mke wangu anasema kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kujiajiri. Mimi naona lile lilikuwa kosa la mara moja.

Naomba unishauri kama mwanao. Je, kazi ya kujitegemea katika ujenzi inanifaa, au nibaki nilipo?

Mwashi wa Ihumwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya kukujibu nilichukua kalamu nikairudia hesabu yako, kwa sababu hesabu ile ndiyo iliyowaondoa mafundi wengi kwenye ajira tangu enzi zile ambapo CDA, ile mamlaka ya zamani ya ustawishaji makao makuu, ndiyo iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma. Umesema fedha ya ufundi ni mshahara wa miezi saba. Sivyo. Fedha ile si yako yote, na sehemu iliyo yako ni ndogo kuliko unavyodhani.

Tuihesabu pamoja. Wiki sita za siku sita ni siku 36 za kazi. Nikichukua kwamba saidia fundi mmoja atapokea shilingi 15,000 kwa siku, watatu watakula shilingi 1,620,000. Fundi mwenzako, tumwekee 30,000 kwa siku, atachukua 1,080,000. Hapo umeshatoa milioni mbili na laki saba, na mfukoni mwako imebaki milioni moja na nusu. Toa nauli za Ihumwa na Nzuguni, kamba, mwiko utakaokatika, karai litakalopasuka, mirunda ambayo mwenye nyumba ataapa kuwa ni juu ya fundi, na vocha za simu. Tuseme 120,000, ingawa mimi sijawahi kuona kazi ya boma iliyoishia hapo. Umebaki na 1,380,000 kwa wiki sita.

Sasa itazame ajira yako kwa jicho hilohilo. Mshahara wa mwaka mzima ni 7,200,000, na ndani ya fedha hiyo kuna mwezi mmoja wa likizo ambao unalipwa ukiwa umekaa nyumbani. Juu yake mwajiri anakuwekea NSSF asilimia kumi ya kwake, yaani 720,000 kwa mwaka, ambazo wewe huzioni lakini zipo. Jumla ni 7,920,000. Nyumba tano kama ile ya Nzuguni zitakuletea 6,900,000, na nyumba sita zitakuletea 8,280,000. Kwa maneno mengine, kizingiti chako ni nyumba sita kwa mwaka, zote zikilipwa hadi shilingi ya mwisho, bila mtu kuumia, bila wewe kuugua malaria hata wiki moja. Mkononi una ahadi tatu, na katika hizo ni moja tu iliyo tayari kuanza.

Sikuambii haya ili nikukatishe tamaa. Nyumba sita kwa mwaka zinapatikana Dodoma, na nawajua mafundi wanaofanya zaidi ya hizo. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, ukipita Nzuguni, Iyumbu, Nala au Mkonze huwezi kukosa lundo la tofali na mchanga wa mtoni kando ya njia. Lakini ukizitazama nyumba hizo vizuri utaona kuwa nyingi ni maboma yaliyosimama kwenye lenta, mengine yameota majani ndani. Mjengaji wa hapa kwetu ni mtumishi anayejenga kwa mshahara na mkopo: mkopo ukitoka, msingi unachimbwa na boma linainuka kwa kasi ya ajabu, mkopo ukiisha, kazi inasimama mwaka mzima au miwili, naye hana kosa, ndivyo anavyojenga. Fundi wa kujitegemea anaishi kwa kufuata pumzi za mikopo ya watu wengine, na ndiyo maana ahadi ya mtu mwenye kiwanja usiihesabu kama kazi mpaka umeona tofali zimeshushwa.

Kalenda yetu nayo ina tabia zake. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na ni chache, kwa hiyo si mvua inayosimamisha ujenzi hapa kama ilivyo kwa wenzetu wa Bukoba. Kinachosimamisha ni Januari. Mwenye nyumba anapeleka fedha kwenye ada, na wakati huohuo saidia fundi wako wengi, ambao ni vijana wa Chamwino, Bahi na Kongwa, wameshaondoka kwenda kulima uwele, mtama na alizeti za wazazi wao. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea niliingia Januari nikiwa na kazi mbili mkononi na sina mtu wa kuchanganya zege, na nikaingia Februari nikiwa na watu lakini kazi zote mbili zimesimama. Nililiuza toroli langu mwezi huo. Fundi anayeuza toroli anajua mwenyewe kilichomfika.

Kwa upande mwingine, mwanangu, usiione ajira yako kuwa ngome kuliko ilivyo. Chukua mkataba wako uusome, hasa pale panapotaja aina ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na kikomo, inatambua mkataba wa muda maalumu, na inatambua mkataba wa kazi maalumu, ambao mafundi wengi wa majengo huwekwa ndani yake bila kuuelewa. Kama wako ni huo wa tatu, basi ajira yako ina urefu wa jengo mnalojenga. Siku funguo zinakabidhiwa, na wewe unakabidhiwa barua. Hali hiyo inabadilisha kabisa swali lako, kwa sababu huwi tena mtu anayechagua kati ya usalama na hatari. Unachagua kama utatoka leo kwa hiari yako, au utatoka siku mradi ukiisha ukiwa umejiandaa.

Na kutoka kwa hiari kuna gharama yake. Kiinua mgongo cha sheria hiyo, ambacho ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, kinalipwa mwajiri anapokuachisha. Ukiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, siku zako 42 za miaka sita zinapotea. Kwa kuwa unalipwa kwa mwezi, unatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Michango yako ya NSSF haipotei, ila kumbuka kuwa pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, nawe kama hujakosa hata mwezi mmoja una 72. Aliyejiajiri anaruhusiwa kujiandikisha na kuendelea kuchangia mwenyewe, lakini nitakuwa mnafiki nisipokuambia kwamba katika mafundi wa kujitegemea niliofanya nao kazi, waliokumbuka kupeleka mchango wakati kazi hakuna ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Liko jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kulionyesha. Leo ukianguka kutoka kwenye jukwaa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na wewe hukatwi kitu. Ukijitegemea, kinga hiyo unaiacha getini. Zaidi ya hapo, wewe unakuwa ndiye mwajiri: kijana uliyemtoa Bahi akiteguka mgongo kwa kunyanyua mfuko wa saruji, mama yake hatamtafuta mwenye nyumba, atakutafuta wewe. Nunua viatu na kofia ngumu kabla hujanunua kitu kingine, na usikubali mtu apande kwenye mirunda iliyofungwa kwa haraka eti kwa sababu lenta inatakiwa kumwagwa kabla ya jua kuzama.

Sasa nifike mahali ambapo barua yako ilinisimamisha. Hukuniuliza kuhusu ukuta wa Nkuhungu. Uliutaja tu kwa kupita, kama sababu ya mke wako. Kwangu mimi jibu la swali lako liko palepale, na lina sehemu mbili ambazo hazifanani uzito.

Ya kwanza ni zile 300,000 ulizozitoa katika fedha ya kuanzia. Fedha ile ilikuwa ya vibarua, wewe ulikuwa umeishikia tu. Kosa hilo karibu kila fundi amelifanya, mimi nikiwemo, na dawa yake ni nyepesi: fedha ya kazi isikae pamoja na fedha ya nyumbani, na ikiwezekana asiishike aliye kwenye saiti. Umeniambia kuwa mke wako ana genge. Mwenye genge ana daftari la madeni, anajua nani amechukua mafungu mangapi ya mchicha na atalipa lini. Mtu huyo umemwona kuwa kizuizi, mimi namwona kuwa ndiye mtunza fedha wako. Mwenye nyumba akituma malipo, yaingie kwenye laini ya simu anayoishika yeye, naye awe anakutolea ya vibarua kila Jumamosi kwa orodha ya majina, na posho yako kama kibarua mwingine yeyote.

Ya pili ni nzito zaidi. Umefanya kazi, umeimaliza, unadai 450,000, na miaka miwili imepita ukiona haya. Uashi unaujua, hilo silitilii shaka, la sivyo watu watatu wasingekufuata. Lakini ufundi wa kujitegemea una kazi mbili ndani yake, kujenga na kudai, na ya pili haifundishwi chuoni. Mwenye nyumba atakayekutesa si lazima awe tapeli. Mara nyingi ni mtu mwema, anayekusalimia vizuri, anayekuletea soda saiti, ambaye fedha imemwishia na anatarajia wewe umvumilie kwa kuwa mmeshakuwa ndugu. Huyo ndiye mgumu kumwambia kuwa kesho hatuji mpaka malipo ya hatua hii yaingie. Kama maneno hayo hayatoki kinywani mwako, ufundi wako mzuri utakuwa mkopo usio na riba kwa kila mwenye kiwanja Nzuguni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiache kazi sasa, na pia usimkatalie huyo mtu wa kwanza. Una haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kama mkataba wako haukukatazi kufanya kazi nyingine ukiwa likizo, iombe likizo hiyo, kisha umwendee mwenye kiwanja umwambie kuwa utamfanyia hatua ya msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege, peke yake, kwa bei ya hatua hiyo, na kwamba boma litazungumzwa baadaye. Wiki nne zinatosha kwa hatua hiyo kama vifaa viko saiti. Mwombe akuonyeshe kibali cha ujenzi cha jiji kabla hujafunga kamba, maana alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikishachorwa ukutani hakuna atakayekumbuka kukulipa. Andikeni makubaliano, hata kama ni karatasi moja, yenye tarehe, bei, hatua za malipo na sahihi zenu mbele ya balozi au mwenyekiti wa mtaa. Malipo yatangulie kazi kwa wiki moja: fedha ya vibarua ya wiki ya kwanza iwe imeingia kabla ya sululu kugusa ardhi.

Katika karatasi hiyo usisahau maji. Nalitaja hili peke yake kwa sababu nimelishuhudia likivunja urafiki. Hapa kwetu jamvi lililomwagwa saa nne asubuhi mwezi wa tisa, kwa jua lile na upepo ule wa vumbi, linaanza kukauka juu kabla hujamaliza kulisawazisha. Linahitaji kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, na maji ya saiti ambayo bado haijavutiwa bomba ni ya kununua kwa pipa. Palikuwa na jamvi moja Makulu ambalo fundi aliamini mwenye nyumba analimwagilia, na mwenye nyumba aliamini kuwa fundi ameacha kijana wa kufanya hivyo. Siku ya nne lilikuwa na nyufa unazoweza kuingiza ncha ya mwiko, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Fundi ndiye aliyelirudia kwa nguvu zake, bila malipo. Andika nani ananunua maji, na nani anamwagilia, na hadi lini.

Kuhusu ukubwa wa kazi utakazochukua, uwe mwangalifu na maneno. Fundi anayekodishwa nguvu na mwenye nyumba ni jambo moja. Anayejinadi kuwa mkandarasi, akachukua kazi nzima pamoja na vifaa vyake, ni jambo jingine, na huyo sheria ya mwaka 1997 inamtaka awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Huko unaweza kufika siku moja, lakini si mwaka huu. Chukua TIN, namba ya mlipakodi, mapema hata hivyo. Kampuni ikikupa kazi ndogo ya ufundi itakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na usipodai cheti cha makato hayo utakuwa umelipa kodi isiyo na kumbukumbu. Zipo pia kazi za madarasa na zahanati zinazojengwa kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani bila kumpa mkandarasi kazi nzima, ambako fundi anaingia mkataba wa ufundi na kamati husubiri mhandisi wa halmashauri akague ndipo ilipe; ni kazi nzuri kwa mwenye akiba, na ni kifo cha polepole kwa anayetegemea malipo ya Jumamosi.

Likizo ikiisha, rudi kazini, ukae na mke wako mfungue daftari. Tazameni kilichobaki baada ya vibarua, tazameni siku ngapi malipo yalichelewa, na utazame mwenyewe ulisema nini siku yalipochelewa. Wakati huo anza kuweka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi minne, ambayo ndiyo itakayokuvusha Januari na Februari, na uendelee kuchukua hatua mojamoja katika likizo na Jumapili mpaka wale watatu wamekuwa sita. Mradi wenu ukiisha kabla ya hapo, utatoka ukiwa na wateja wanaokujua. Usipoisha, utakuwa na nafasi ya kuchagua bila kukimbizana na mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, hata kabla ya kuomba likizo, liko jambo la wiki hii. Jumapili baada ya ibada, mngoje mzee wako yule nje ya kanisa, umsalimie kwa heshima zote anazostahili, kisha umwambie kwa sauti ya kawaida kuwa ile laki nne na nusu ya ukuta unaihitaji. Usieleze shida zako wala usiombe radhi kwa kuuliza. Akisema atalipa mwisho wa mwezi, mwulize tarehe, na tarehe hiyo mpelekee mke wako aiandike kwenye daftari la genge, chini ya majina ya wadaiwa wa mchicha.